Storm wa Marvel tunamjua kwa toleo na ukurasa. Akokhan wa Nairobi je?

Marvel ilipotangaza waigizaji wa Avengers: Doomsday mnamo Machi 2025, wazee wa X-Men, kundi lake la mashujaa wenye nguvu za kuzaliwa nazo, walikuwemo: Patrick Stewart, Ian McKellen, Kelsey Grammer, James Marsden. Halle Berry, aliyemcheza Storm, mwanamke anayetawala hali ya hewa, hakuwemo. Kwa mashabiki wa Nairobi pengo hilo lilitosha kuchochea mjadala wa siku nyingi: X-Men wapya wakija, nani atamcheza Storm?

Swali hili lina uzito wake hapa kwetu. Storm ni Mkenya kwa upande wa mama. Alipoingia kwenye katuni mara ya kwanza, katika Giant-Size X-Men nambari 1 ya mwaka 1975, iliyoandikwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum, Profesa Xavier, kiongozi wa X-Men, anamkuta Kenya, wanakijiji wakimlilia awape mvua kana kwamba ni mungu wao. Mwandishi Chris Claremont ndiye aliyekuja kumjazia historia: baba mpigapicha kutoka Marekani, mama binti mfalme wa Kenya, mtoto Ororo kuzaliwa New York na kulelewa Cairo, wazazi kufa nyumba yao ilipoangukiwa na ndege wakati wa vita vya Suez vya 1956, yatima kugeuka mwizi wa mitaani, kisha safari ndefu ya miguu kuja kusini hadi nyika za Serengeti. Tangu mwanzo amechorwa mweusi, nywele nyeupe pe.

Katika filamu amechezwa na Halle Berry kuanzia mwaka 2000, na Alexandra Shipp kuanzia 2016. Wote wawili Wamarekani, wote maji ya kunde. Wapo mashabiki wanaoshikilia kwamba safari hii lazima awe Mkenya, mweusi tii. Wapo wanaojibu kwamba kazi ya mwigizaji ni kuigiza, na kwamba Lupita Nyong'o hajawahi kuulizwa cheti cha kuzaliwa kabla ya kupewa nafasi. Kwa suala la rangi nasimama na wa kwanza, kwa sababu mchoro wa Cockrum uko wazi. Kwa suala la uraia nasimama na wa pili. Ila naona mjadala huu unaishia juujuu. Rangi ya mwigizaji ndiyo sehemu rahisi kurekebisha. Sehemu ngumu ni Kenya yenyewe iliyomo ndani ya hadithi ile.

Tuutazame mwaka 1975. Ndio mwaka aliouawa mwanasiasa J.M. Kariuki. Jumba la mikutano la KICC lilikuwa limekamilika miaka miwili nyuma. Wauza magazeti wa Nairobi walikuwa na jarida la katuni na ucheshi liitwalo Joe, likisimulia maisha ya mtu wa kawaida wa mjini. Lakini Kenya ya Storm, mwaka huohuo, ni nyasi, vibanda na watu wasio na majina waliopiga magoti. Kijiji hakina jina, hakina kabila, hakina jirani. Serengeti anayoiendea Ororo iko Tanzania. Upande wetu wa nyika ile ni Maasai Mara.

Na huyo mama binti mfalme alitoka ufalme upi? Jamii nyingi za Kenya, Wakikuyu, Wakamba na Wamaasai wakiwemo, hazikuwa na wafalme. Ukitafuta enzi zenye nasaba inayojulikana utafika Mumias kwa Nabongo wa Wanga, au Pwani kwa masultani wa Pate na Witu. Mimi naegemea Mumias. Storm wa Kiwanga angekuwa mhusika mwingine kabisa: ana wajomba, ana lugha, ana mzigo wa historia pia, kwa kuwa Nabongo Mumia alishirikiana na Waingereza walipoingia magharibi. Tena mbali kidogo na hapo, kule Bunyore, uko ukoo wa Nganyi ambao umesifika vizazi na vizazi kwa elimu ya mvua, kiasi kwamba Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya imewahi kukaa nao na kulinganisha utabiri wao na wa mitambo. Mhusika mwenye uwezo wa kuita radi na kutuliza upepo, mama yake anatoka Kenya, na katika miaka yote hii waandishi hawajampeleka Bunyore. Hiyo ndiyo hasara ninayoilalamikia. Tangu Oktoba 2024 Storm ameandikwa na Mnigeria, Murewa Ayodele, na nililipokea jambo hilo kwa furaha ya kweli. Lakini swali la ukoo wa mama bado liko palepale.

Tunaweza kubishana hivi kwa sababu moja tu: karatasi ipo. Toleo lile la 1975 limehifadhiwa, limechapishwa upya mara nyingi, limepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Kijana wa Kayole anayedai kwamba Storm alikuwa akiabudiwa anaweza kufungua simu na kukuonyesha ukurasa. Anayedai kwamba aliolewa na T'Challa, yaani Black Panther, mfalme wa Wakanda, mwaka 2006 na ndoa ikabatilishwa mwaka 2012 anaweza kukuonyesha pia. Maoni ya shabiki yana nguvu pale yanapoegemea kitu kinachoweza kushikwa. Na hapo ndipo ninapotaka kuupeleka mjadala wetu, kwa sababu Nairobi imechapisha katuni zake kwa zaidi ya miaka 50, nasi hatuwezi kubishana kuzihusu hata kidogo.

Mashujaa hawa walifika mjini kwa njia ya picha zinazotembea, si kwa vitabu. Wengi tuliwajua kwenye kibanda cha video, mabenchi ya mbao, runinga moja, DJ Afro akipiga maelezo juu ya sauti ya Kiingereza hadi hadithi ya Hollywood ikawa ya mtaani kwetu. Sheria ya kibanda ilijulikana na kila mtoto: stelingi, yaani shujaa mkuu wa filamu, hafi. Baadaye likaja duka la muvi, mlango kwa mlango kuanzia River Road hadi kila estate, filamu shilingi 50, kwanza kwenye diski kisha kwenye flashi. Leo Spider-Man amechorwa ubavuni mwa nganya, matatu iliyopambwa, na fulana ya Captain America inapatikana Gikomba. Kitabu chenyewe cha katuni ndicho kilichokuwa adimu. Kilikuja kwa bahati, ndani ya robota la vitabu vya mitumba, bila jalada, katikati ya hadithi, na ukipata nambari 214 hujui kama utawahi kuiona 215.

Ndiyo maana shabiki wa hapa, tofauti na yule wa Chicago, alianza na filamu kisha akarudi nyuma kutafuta karatasi. Sioni aibu katika hilo. Kuna hata faida: hatukulelewa na wivu ule wa kusema filamu imeharibu utoto wangu. Lakini kuna hasara iliyojitokeza wazi baada ya mwaka 2019. Avengers: Endgame ilifunga hadithi ya miaka 11, ikaingiza zaidi ya dola bilioni 2.7 duniani, na kumbi za Nairobi zilijaa kwa siku nyingi. Kisha Marvel ikaanza kupitisha sehemu muhimu za hadithi kwenye Disney+, huduma yake ya kulipia ya kutazama mtandaoni. Aliyeketi kutazama filamu ya pili ya Doctor Strange mwaka 2022 alitakiwa awe ameshaona mfululizo wa WandaVision wa mwaka uliotangulia, la sivyo hasira ya Wanda, adui wa filamu hiyo, haina mzizi. Disney+ ilifunguliwa Afrika Kusini mwaka huo wa 2022. Kenya iliachwa nje. Kwa hiyo Mnairobi aliyelipa tiketi kihalali alikuwa anauziwa sura ya katikati ya kitabu, na sura ya kwanza aliweza kuipata tu kwa mlango wa nyuma.

Watu wanaposema mashabiki wamechoshwa na mashujaa, mimi huikumbuka hali hiyo. The Marvels ya mwaka 2023 ilikusanya dola milioni 206 hivi, kiwango cha chini kabisa katika mfululizo wote, na ilikuwa filamu ya wahusika watatu ambao wawili wao walikuwa wamekuzwa kwenye Disney+. Mwaka uliofuata Deadpool & Wolverine ilipita dola bilioni 1.3. Shabiki hakuchoka. Alifungiwa mlango, akaenda zake. Alipoona mlango uko wazi akarudi.

Mfano bora wa filamu iliyokula vizuri kutoka kwenye karatasi ni Black Panther. Tunaikumbuka hapa kwa namna ya pekee kwa sababu Februari 2018 ilizinduliwa Kisumu, nyumbani kwa kina Nyong'o, na kwa sababu ramani za Marvel zimekuwa zikiiweka Wakanda huku kwetu, jirani na Ziwa Turkana. T'Challa alichorwa mara ya kwanza na Jack Kirby na kuandikwa na Stan Lee katika Fantastic Four nambari 52, Julai 1966. Lakini Ryan Coogler, mwongozaji wa filamu, hakuishia hapo. Killmonger, adui wa T'Challa, alimtoa katika hadithi alizoandika Don McGregor kwenye Jungle Action kuanzia 1973. Okoye na Nakia, wanawake wapiganaji wa Wakanda, aliwatoa katika mfululizo wa Christopher Priest ulioanza 1998, na Nakia akambadilisha kabisa, maana yule wa Priest alipotea njia na kugeuka adui, ilhali Nakia wa Lupita ndiye dhamiri ya filamu nzima. Uamuzi mzuri, tena wa mtu aliyesoma. Coogler alikuwa na nusu karne ya matoleo ya kupekua, akachukua alichotaka na kuacha alichoona kimeoza. Mkurugenzi wa Kenya anayetaka kufanya vivyo hivyo na katuni iliyochapishwa Nairobi ataanza kupekua wapi?

Hapo ndipo mkusanyaji anapoingia, na lazima niseme jambo kuhusu pesa, kwa sababu vijana wengi wanaoingia katika ukusanyaji siku hizi wanavutwa na bei. Wamesikia kwamba Action Comics nambari 1, toleo la Juni 1938 lililomleta Superman na kuuzwa senti 10, lilinunuliwa dola milioni 6 mnadani Aprili 2024. Wamesikia kwamba Amazing Fantasy nambari 15 ya Agosti 1962, ile ya Spider-Man wa kwanza, ilifika dola milioni 3.6 mwaka 2021. Ni kweli. Lakini tuangalie bei hiyo ilitoka wapi. Nakala kama 200,000 za Action Comics ile zilichapishwa, na zinazokisiwa kubaki ni kama 100. Nyingine zilisomwa hadi zikachanika, zikatupwa na kina mama wakisafisha nyumba, zikakusanywa na kugeuzwa karatasi mpya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Jerry Siegel na Joe Shuster waliomuumba Superman walilipwa dola 130 na kuachia haki zote. Hakuna aliyedhani kitu kile kina thamani.

Kisha mwaka 1991 kila mtu akadhani. X-Men nambari 1 ya mwaka huo, kazi ya Claremont na Jim Lee, ilitolewa kwa majalada matano tofauti na kuuza zaidi ya nakala milioni 8. Watu walinunua zote tano na kuzifungia kabatini wakingoja utajiri. Mwaka 1992 ikaja Superman nambari 75, ile ya kifo chake, ikiwa imefungwa ndani ya mfuko mweusi, na foleni zikapinda kona. Ukweli ni kwamba kitu kilichohifadhiwa na milioni nane hakiwezi kuwa adimu. Maduka yakafungwa kwa mamia, na Desemba 1996 Marvel yenyewe ikaenda mahakamani kuomba ulinzi wa mufilisi. X-Men ile bado unaipata kwa dola chache.

Kwa hiyo kijana anayeagiza toleo jipya la Marekani, dola 4.99 sokoni kwao, zaidi ya shilingi 600 kwetu kabla ya kulipia usafiri unaoweza kuzidi bei ya kitabu chenyewe, akitumaini kulipeleka baadaye Florida likapimwe na kampuni ya CGC, lipewe alama kati ya 0.5 na 10 na kufungiwa ndani ya plastiki ngumu lisifunguliwe tena, huyo anacheza mchezo wa watu wengine, tena amechelewa. Akinunua ili asome, nampongeza. Akinunua kama hisa, namsihi afikiri upya.

Sasa tugeukie karatasi yetu.

Joe lilianzishwa mwaka 1973 na Hilary Ng'weno pamoja na mchoraji Terry Hirst, likatoka hadi 1979. Hirst akaja na Pichadithi katika miaka ya 1980, vitabu vyembamba vilivyosimulia hadithi za jadi kwa michoro, Lwanda Magere ikiwa miongoni mwake. Frank Odoi, Mghana aliyehamia Nairobi na kuifanya nyumbani, alibuni Akokhan, mapambano marefu ya mwenye nguvu za ajabu dhidi ya hasimu wake Tonkazan. Odoi aliyajenga kwa imani na historia za Afrika Magharibi, na mkono wake haukuwa na mshindani katika kuchora misuli inayotembea. Kwenye Taifa Leo, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwa miongo kadhaa, na wapo watu wazima waliojifunza kusoma Kiswahili kwa ajili yake. Mwaka 2010 likaja Shujaaz, kwa Sheng, likiingizwa ndani ya gazeti la Daily Nation na kugawiwa bure kwenye vibanda vya M-Pesa. Shujaa wake mkuu, Boyie, hana nguvu yoyote ya ajabu; amemaliza shule, hana kazi, ana kituo cha redio alichokiunda chumbani kwake. Kazi hiyo ilishinda tuzo ya kimataifa ya Emmy.

Hiyo ni mila kamili ya katuni, ina shina na matawi. Na wengi wetu tunaoweza kutaja nambari ya toleo alimotokea Storm hatuwezi kutaja hata moja alimotokea Akokhan.

Nitoe mfano wa mjadala tunaoukosa. Watu hupenda kusema kwamba Lwanda Magere ni Superman wa Waluo: mwili wa jiwe, mikuki inadunda, na siri moja ya udhaifu, kivuli chake. Fumo Liyongo, shujaa wa Waswahili wa Pwani, naye huwekwa kwenye kundi hilo, mwili usiodhurika isipokuwa kwa sindano ya shaba kitovuni. Mimi ulinganisho huu haunitoshi. Magere alisalitiwa na mke aliyetoka kwa maadui, akachomwa mkuki kivulini, akafa. Liyongo alichomwa na mwanawe, akafa. Hadithi zao zinajengwa kuelekea kifo, na kifo ndicho kinachozipa maana. Superman aliyekufa Novemba 1992 alikuwa amerudi kabla ya mwaka uliofuata kwisha, kwa sababu mwezi ujao kuna toleo la kuuza. Sheria ya kibanda, stelingi hafi, ni sheria ya duka la Marekani. Ya wazee wetu ni kinyume chake. Swali linaloniwasha ni hili: mchoraji wa Pichadithi alikichoraje kifo cha Magere? Alitumia ukurasa mzima, au visanduku vidogo vidogo? Kivuli alikichora kwa wino mzito au kwa mistari? Je, Akokhan wa Odoi, aliyezaliwa magazetini ambako lazima kesho kuwe na kipande kingine, alifuata sheria ipi kati ya hizo mbili? Haya ni maswali ya kawaida kabisa kwa shabiki. Kwa Cockrum ningejibiwa kabla chai haijapoa.

Sababu ya ukimya huu ni ileile iliyofanya Action Comics ya 1938 ipungue. Gazeti la jana Nairobi huuzwa kwa kilo, likaishia kufungia nyama na mandazi. Shujaaz lilikuwa la bure, na kitu cha bure husomwa, hupitishwa kwa jirani, kisha huwashia jiko. Karatasi ya gazeti yenyewe imetengenezwa kwa mbao ambazo hazikutolewa ligini, gundi ya asili ya mti, hivyo mwanga na hewa huigeuza njano na kuivunja hata kama hakuna aliyeigusa. Tofauti yetu na Wamarekani ni moja: kwao, miaka 30 baada ya Superman, walijitokeza watu wachache waliokusanya kwa mapenzi matupu, wakaandika orodha, toleo kwa toleo, na mwandishi gani alifanya nini. Bei ilikuja nyuma yao. Sisi bei haijaja, na orodha haijaandikwa.

Nairobi si mji usiojua kukusanya. Ingia jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, ghorofa ya chini, uone mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais kwa miezi michache mwaka 1966 kabla ya kujiuzulu. Murumbi alikusanya sanaa, nguo, stempu na maelfu ya vitabu adimu kuhusu Afrika wakati ambapo vitu hivyo vilikuwa vikisafirishwa nje kila wiki. Hakungoja mnada wa London umwambie kipi kina thamani. Alitumia jicho lake. Mkusanyaji wa katuni wa Nairobi ana mfano huo umbali wa hatua chache kutoka kituo cha mabasi.

Kazi yenyewe si ya matajiri. Vitabu vya mitumba bado vimetandazwa kando ya barabara katikati ya mji na ndani ya soko la Toi, na muuzaji anayejua unatafuta nini atakuwekea. Mwambie Pichadithi, mwambie Joe, mwambie Shujaaz za mwanzo. Ukipata gazeti lenye Akokhan au Juha Kalulu, usikate kipande cha katuni peke yake; hifadhi ukurasa mzima, kwa kuwa tarehe iko juu na ukurasa ndio ushahidi. Usiutie selotepu, gundi yake hugeuka kahawia na kula karatasi. Usiupeleke kulaminishwa, hakuna njia ya kuutoa tena bila kuuharibu. Uweke kwenye bahasha safi ya karatasi isiyo na asidi, juu ya rafu na si sakafuni, mbali na dirisha, uukague kwa sababu ya mchwa na mende. Hapa tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa si nzito kama ya Mombasa. Karatasi ina nafasi ya kuishi. Kisha upige picha kila ukurasa, na uandike daftari: jina la katuni, tarehe, gazeti, mchoraji, nini kinatokea. Daftari hilo ni muhimu kuliko rundo lenyewe, kwa sababu ndilo linalomwezesha mtu wa Eldoret kujua ulicho nacho na wewe kujua alicho nacho.

Ninachowaomba wenzangu wanaofurika Naiccon, kongamano la mashabiki wa katuni la Nairobi, wakiwa wamevaa kama Wolverine na Miles Morales ni kwamba meza moja itengwe kwa ajili hiyo. Isiwe ya kuuza. Iwe ya watu kuleta walichokikuta kwa nyanya zao, kikapigwa picha hapohapo na kurudishwa mikononi mwao.

Na kuna jambo ambalo haliwezi kungoja kongamano lijalo. Katika kazi za uchoraji wa haraka, majalada na kurasa nyingi hutoka bila sahihi ya mchoraji. Odoi alifariki mwaka 2012, kwa ajali ya matatu. Hirst alimfuata mwaka 2015. Lakini waliokaa nao meza moja, wakawatilia wino, wakawaandikia maneno ndani ya viputo, wapo wanaoishi katika mji huu. Hao ndio wanaoweza kutazama ukurasa usio na jina na kusema mkono huu ni wa fulani. Waendewe mwaka huu, na picha za kurasa zenyewe ziwe mkononi.